George Stevens, Mpanda Farasi Aliyeshinda Grand National Mara Tano

George Stevens, mzaliwa wa Cheltenham nchini Uingereza, ndiye mpanda farasi mwenye ushindi mwingi zaidi katika historia ya Grand National, mbio ndefu za farasi za kuruka viunzi na mitaro zinazofanyika Aintree, karibu na Liverpool.

Alishinda kwa mara ya kwanza mwaka 1856 akiwa juu ya farasi Freetrader. Mwaka 1863 alishinda na Emblem, na mwaka uliofuata akashinda na Emblematic, ndugu wa Emblem. Mwaka 1869 na 1870 alitwaa ushindi mfululizo na The Colonel. Hadi leo hakuna aliyefikia idadi hiyo.

Msingi wa mafanikio yake ulikuwa subira. Wakati wenzake wakikimbilia mbele na kuangushana kwenye viunzi vya mwanzo, Stevens alibaki nyuma, akatunza nguvu za farasi wake, kisha akasogea taratibu kadiri njia ilivyofunguka.

Hata hivyo, hatari aliyoikwepa uwanjani ilimkuta njiani. Mwezi Juni 1871, akirejea nyumbani kupitia kilima cha Cleeve, karibu na Cheltenham, upepo ulipeperusha kofia yake. Farasi alishtuka, akateremka mbio, akajikwaa na kumtupa chini. Stevens aliumia vibaya kichwani na kufariki dunia kabla ya kutimiza miaka 40. Jiwe la kumbukumbu yake lipo kando ya barabara hiyo.