Samuel Plimsoll na Mstari wa Ubavuni

Sisi watu wa pwani tukitajiwa Lodwar hukumbuka jua kali na kizuizi. Huko ndiko alikowekwa Mzee Kenyatta kuanzia 1959 hadi 1961, baada ya kumaliza kifungo chake cha Lokitaung. Habari za vyombo na manahodha hatuzitarajii huko. Lakini ukitoka Lodwar ukashika njia ya Kalokol, mwendo wa kilomita kama 60, jangwa linakatika ghafla na mbele yako pana maji mpaka macho yachoke. Ziwa Turkana lina urefu wa zaidi ya kilomita 250, na upepo wake wa kusini-mashariki hauna adabu. Mwaka 1934 Wazungu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwenda kisiwa cha kusini, wasionekane tena.

Nilikwenda Lodwar kwa arusi ya kijana wetu mmoja anayefanya kazi huko, na siku ya tatu wenyeji wangu wakanichukua ziwani nikapunge upepo. Ufukweni palikuwa na mashua ya mbao yenye mashine, inapakia magunia ya samaki wakavu na abiria wa ng'ambo. Ubavuni mwake palichorwa duara jekundu lililokatwa na mstari katikati, kama lile la meli za Kilindini. Nikafurahi kuliona. Niliposogea nikatambua kwamba mstari umezama, na duara nalo limebaki utepe mdogo tu juu ya maji, na abiria bado wanapanda. Nikamwuliza kijana wa mashine ni nani aliyechora alama ile. Akanijibu kwa heshima zote kuwa ni fundi wa rangi, mahali alipoonyeshwa na mwenye chombo, kwa sababu meli kubwa zinayo na inapendeza.

Alama ile ina mwenyewe, ndugu msomaji, naye ni Samuel Plimsoll, Mwingereza aliyefariki 1898. Jina lake limo midomoni mwa mabaharia wa dunia nzima, na hata wasio mabaharia wamelivaa miguuni bila kujua. Viatu vya turubai na mpira ambavyo sisi twaviita raba, Waingereza waliviita kwa jina lake, kwa kuwa ukingo wa mpira ukizunguka kiatu uliwakumbusha mstari wake ukizunguka meli. Lakini maisha ya bwana huyu hayasimuliwi sana kwetu, nayo yanafaa kusimuliwa.

Alizaliwa Bristol tarehe 10 Februari 1824. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya ushuru, na jamaa ile ilihamahama mpaka ikatua Sheffield. Samuel hakuwa mwana wa bahari hata kidogo. Alianza kwa ukarani katika ofisi ya wakili, kisha, nisiwafiche, akapanda cheo katika kiwanda cha pombe. Mwaka 1853 akahamia London kufanya biashara ya makaa ya mawe, na biashara ikamtupa chini. Mtu aliyekuwa na heshima yake Sheffield akajikuta analala katika nyumba za kupangisha vitanda, kwa shilingi saba na peni chache kwa wiki, pamoja na vibarua na wasio na kazi. Alishangaa kuona jinsi maskini wale walivyosaidiana, na inaelekea hakuyasahau yale siku zote alizoishi. Baadaye makaa yale yale yakamtajirisha, alipobuni njia ya kuyapakua bila ya kuyavunjavunja. Mwaka 1868, baada ya kushindwa mara ya kwanza, akachaguliwa kuwa mbunge wa Derby.

Wakati huo ndipo alipokutana na fikra za James Hall, mwenye meli wa kaskazini ya Uingereza, aliyekuwa ameshaanza kulalamika juu ya meli zinazopakiwa kupita kiasi. Nalitaja jina la Hall kwa makusudi, maana watu humpa Plimsoll sifa yote. Kazi ya Plimsoll ilikuwa kulichukua lalamiko la mjuzi na kulipeleka Bungeni na barabarani.

Dhulma yenyewe ilikuwa hivi. Tajiri hununua meli kuukuu, akaipaka rangi na pengine akaibadilisha jina, kisha akaikatia bima kubwa kuliko thamani yake. Akaipakia mpaka sitaha ikaribiane na maji. Ikifika, amepata faida ya shehena nzito. Ikizama, bima inamlipa. Katika hesabu hiyo hakuna hasara ila ya mabaharia, nao hawakuandikwa katika daftari ya mali. Wenyewe waliziita meli zile majeneza yaeleayo. Na baharia aliyekwisha tia saini mkataba, kisha akafika gatini akaiona meli yenyewe na kukataa kupanda, sheria ya Uingereza ya siku hizo ilimpeleka jela. Walikuwepo mamia waliochagua jela wakiwa wanajua wanachokichagua.

Mwaka 1873 Plimsoll alitoa kitabu juu ya mabaharia hao. Kiliandikwa kwa haraka na hasira, na kilikuwa na makosa. Aliwataja watu kwa mambo ambayo mengine hakuweza kuyathibitisha, akashtakiwa, na mara nyingine ikambidi aombe radhi. Wapo waliomwona mtu wa kelele. Mimi sidhani kwamba kelele zake zilikuwa bure, lakini mtu aliyesingiziwa ana haki yake, hata akiwa tajiri wa meli. Kitabu kile kiliwachoma watu nchi nzima, na serikali ikalazimika kuunda tume ya uchunguzi.

Siku iliyomtangaza zaidi ni tarehe 22 Julai 1875. Waziri Mkuu Disraeli alisimama Bungeni akatangaza kwamba mswada wa usalama wa meli umewekwa kando kwa kukosa wakati. Na wenye meli kadhaa walikuwa wabunge, wamekaa mumo humo. Plimsoll akapandwa na hasira, akapiga makelele, akatikisa ngumi, akawaita wenzake waovu, na Spika alipomtaka ayafute maneno yake akakataa akatoka nje. Baada ya siku chache alirudi akaomba radhi kwa adabu. Hata hivyo mambo yalikuwa yameshatoka nje ya ukumbi. Mikutano ilifanyika miji mingi, na kabla ya mwezi uliofuata kumalizika Bunge likapitisha sheria ya muda, kisha mwaka 1876 ikaja sheria yenyewe, iliyolazimisha kila meli ya Uingereza ichorwe alama ya kikomo cha shehena.

Hapa wasimuliaji wengi humaliza hadithi na kumpigia makofi. Mimi nataka tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo nilipoikumbuka mashua ya Kalokol. Sheria ya 1876 ililazimisha alama iwepo, lakini iliacha mwenye meli achague mwenyewe ichorwe wapi. Tafakari jambo hilo. Ni sawa na kumwambia mwuza nafaka lazima awe na kibaba, lakini achonge kibaba kwa ukubwa aupendao. Sisi tuliosoma chuoni tulihifadhishwa mapema Sura ya Mutaffifin, yenye kuwaonya wanaopunja vipimo, na hatuhitaji kufundishwa na mtu kitakachofuata. Inasimuliwa kwamba nahodha mmoja aliichora alama kwenye dohani ya meli. Kwa miaka 14 alama ya Plimsoll ilikuwa kisheria na ilikuwa pambo.

Plimsoll mwenyewe aliuacha ubunge mwaka 1880, lakini hakuiacha kazi. Alipata kuwa rais wa chama cha mabaharia, akaendelea kusukuma, na mwaka 1890 ndipo sheria ilipokata kwamba mahali pa alama pakatwe na serikali, kwa hesabu ya umbo na nguvu za meli yenyewe, wala si kwa mapenzi ya mwenye mali. Baadaye alizipigania hata ng'ombe waliosafirishwa baharini katika hali ya mateso. Alifariki Folkestone tarehe 3 Juni 1898, akiwa na umri wa miaka 74. Mwaka 1906 Uingereza ikazibana na meli za kigeni zinazoingia bandari zake, na mwaka 1930 mataifa yakapatana juu ya alama hiyo huko London, mapatano yaliyofanywa upya 1966.

Anayekwenda Kilindini na aitazame vizuri. Kando ya duara pana ngazi ya mistari midogo yenye herufi. Ule wa T ni wa maji ya joto kama ya kwetu, S ni wa majira ya joto ya nchi za baridi, W ni wa majira yao ya baridi, na F ni wa maji yasiyo na chumvi, kwani chombo huzama zaidi katika maji matamu kuliko baharini. Maji ya Turkana yana magadi, lakini chumvi yake ni kidogo mno ikilinganishwa na ya bahari. Shehena iliyochukuliwa kwa salama Lamu haitachukulika vivyo hivyo Kalokol.

Na mapatano ya 1966 hayamfikii mwenye mashua ya Kalokol. Yanahusu meli za safari za baina ya nchi na nchi, na meli mpya zisizotimia mita 24 zimeachwa nje, na vyombo vya uvuvi pia. Vyombo vidogo vya maziwa yetu vimeachiwa sheria za nchi. Kenya inayo Sheria ya Meli ya 2009, na ina Mamlaka ya Bahari iliyoundwa 2004, ambayo kazi yake ya ukaguzi haiishii pwani, inafika na maziwani. Lakini ukingo wa ziwa ni mrefu na wakaguzi ni watu wenye miguu miwili. Tena tusijidanganye kuwa hili ni tatizo la jangwani. Feri ya Mtongwe ilipinduka tarehe 29 Aprili 1994 ikapoteza watu 272 karibu na gati, mbele ya macho ya Mombasa. MV Bukoba ilizama Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya roho. Spice Islander ilikuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba usiku wa Septemba 2011. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa na ruhusa ya watu 101, na maiti waliopatikana walikuwa zaidi ya 200. Zote hizo zilibeba watu kupita kiasi chao. Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu wetu.

Kutoka Lodwar nilipanda gari kwenda Kakuma, kilomita kama 120 kaskazini-magharibi. Jirani yangu wa Mombasa alikuwa amenipa amana nimfikishie mjomba wake, mzee wa Kibajuni kutoka visiwa vya Kismayu. Msomaji asishangae kusikia Kibajuni Kakuma. Somalia ilipovunjika mwaka 1991 watu wengi wa visiwa vile, na wa Barawa, walikimbia kwa majahazi hadi Mombasa, wakawekwa kambini. Kambi za pwani zilipofungwa katika miaka ya 1990, walihamishiwa huku. Mzee huyu alikuwa nahodha, na sasa anakaa ukingoni mwa Tarach, mto ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu.

Aliniita mwanangu, ingawa ndevu zangu mimi zimeshaingia mvi. Tulipokwisha kunywa chai nilimsimulia habari za Plimsoll. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba jahazi lake lilikuwa na alama kabla ya kumsikia Mzungu huyo. Chini ya maji jahazi hupakwa chokaa iliyochanganywa na shahamu, na juu yake mbao hupakwa sifa. Pale weupe unapokoma na sifa inapoanza, nahodha anajua amepakia kiasi gani. Maisha yake yote hakuwahi kuuzamisha weupe ule, kwa mali ya mtu yeyote. Mwaka 1991 aliuzamisha. Watu walikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, wamepandisha watoto mabegani, na nyuma yao risasi zinasikika. Aliuzamisha kwa kiganja, kisha kwa viganja viwili, kisha akakata nanga, na waliobaki majini wakabaki. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa dada yake.

Chombo kilifika. Nilitaka kumwambia kwamba alifanya sawasawa, nikaona sina haki ya kusema. Akanikumbusha kisa cha Nabii Yunus katika ile jahazi iliyosheheni, na jinsi wenyewe walivyopiga kura nani atupwe. Wao walipiga kura, akasema. Yeye hakupiga, alikata mwenyewe kwa macho yake, na hilo ndilo linalomwamsha usiku.

Baada ya kunyamaza kitambo aliniuliza kama Plimsoll alipata kushika usukani. Nikamjibu kuwa hapana, alikuwa muuza makaa. Akauliza kama mabaharia walimkumbuka. Nikamwambia kwamba chama chao ndicho kilichomwekea sanamu London mwaka 1929, kando ya mto Thames. Hilo lilimridhisha. Kisha akarudi kwenye mashua ya Kalokol. Alitaka kujua duara lilizama kiasi gani, magunia yalikuwa mangapi, upepo ulikuwa wa upande gani, na kama ilifika.

Nikamwambia ilifika. Nilikuwa nimempigia simu mwenyeji wangu asubuhi ile. Akaniuliza imepakia tena lini. Nikamjibu, kesho yake.