Alan Turing: Aliyechambua chesi kwa penseli, nusu saa kwa hatua moja

Msimu wa pamba, karani wa AMCOS pale Somanda anaingiza kilo za wakulima kwenye Excel, anabonyeza kitufe cha uchambuzi, chati inajitokeza yenyewe. Mdogo wake amemaliza gemu ya chesi Lichess, naye anabonyeza chake. Injini inamwonyesha hatua iliyomponza. Sekunde chache tu, kazi imeisha.

Sasa kuna jamaa aliyeifanya kazi hiyo ya injini kwa mkono. Ni Alan Turing.

Alizaliwa London, Juni 23, 1912. Baba yake alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni India, hivyo Alan na kaka yake waliachwa Uingereza wakalelewa na watu wengine.

Mwaka 1936, akiwa Cambridge, aliandika makala kuhusu mashine ya kufikirika: inasoma alama moja baada ya nyingine na kufuata maelekezo. Hesabu yoyote inayoweza kuandikwa hatua kwa hatua, mashine hiyo ingeifanya. Simu uliyoshika inafuata wazo hilohilo.

Vita vya Pili vilipoanza alipelekwa Bletchley Park, akashiriki kubuni mashine za kuvunja misimbo ya Enigma ya Wajerumani. Huko alifanya kazi na mabingwa wa chesi kama Hugh Alexander. Yeye mwenyewe, kusema kweli, chesi ilikuwa inamshinda.

Lakini mwaka 1948 yeye na rafiki yake mchumi, David Champernowne, walianza kutunga programu ya chesi, Turochamp. Kila kete ilipewa thamani: farasi 3, ngome 5, malkia 10. Kanuni zinapima kila hatua inayowezekana na majibu ya mpinzani, kisha zinachagua yenye alama nyingi. Injini za leo bado zinapima na kuchagua, ila kwa kasi ya ajabu.

Kompyuta ya kuiendesha hakuipata. Mwaka 1952, jijini Manchester, akawa kompyuta yeye mwenyewe: karatasi, penseli, karibu nusu saa kwa hatua. Mpinzani wake, Alick Glennie, alishinda kwa hatua 29. Kanuni zilijua kuhesabu kete, mpango hazikuwa nao.

Hata chati ya karani wetu iko hivyo. Kilo 800 za mkulima zikiandikwa 80, chati itatoka safi kabisa, na mkulima ndiye atakayeumia.

Mwaka huohuo wa 1952 Turing alihukumiwa kwa uhusiano na mwanaume, kosa la jinai Uingereza wakati ule. Ili asifungwe alikubali kuchomwa sindano za homoni, na kazi za siri za serikali akazuiwa. Mtu aliyesaidia kushinda vita! Alifariki Juni 7, 1954, kwa sumu ya sianidi, akiwa na miaka 41. Uchunguzi ulisema alijiua. Msamaha wa kifalme ulikuja Desemba 2013.

Mwaka 2012 Garry Kasparov alicheza na Turochamp iliyojengwa upya kwenye kompyuta, akaimaliza kwa hatua 16. Waliolinganisha programu hiyo na gemu ya Glennie waligundua baadhi ya hatua za Turing sizo ambazo kanuni zake zingetoa. Huenda mkono ulichoka.

Gemu yenyewe ipo mtandaoni. Iweke Lichess, utaona makosa yake yote kabla hujameza funda la chai.