Francis Crick: kabla ya DNA, alipima seli hai kwa sumaku

Jina la Francis Crick, mwanasayansi wa Uingereza aliyefariki tarehe 28 Julai 2004 huko San Diego, Marekani, hutajwa kila mara pamoja na DNA. Wachache wanajua kwamba kazi yake ya kwanza katika biolojia ilikuwa kuvuta punje za sumaku ndani ya seli hai.

Alizaliwa tarehe 8 Juni 1916 karibu na mji wa Northampton, katika familia yenye kiwanda cha viatu. Alisoma fizikia jijini London, akaanza utafiti wa udaktari juu ya mnato wa maji yenye moto mkali. Vita vya pili vya dunia vikamkatiza, na bomu likaharibu mashine yake. Jeshi la majini likampa kazi ya kubuni mabomu ya baharini, yale yanayolipuliwa na sumaku ya meli au mlio wake.

Vita vilipokwisha, alikuwa karibu na miaka 30, bila udaktari, na biolojia hakuijua. Alianza upya hata hivyo. Mwaka 1947 aliingia maabara ya Strangeways, Cambridge. Huko, yeye na Arthur Hughes walizipa seli za kifaranga, zilizokuzwa ndani ya vioo, punje ndogo sana za madini ya sumaku. Seli zikazimeza. Kisha wakazivuta na kuzizungusha kwa sumaku iliyo nje, huku wakitazama kwa hadubini. Punje ikisogea na kubaki pale ilipofika, basi ndani mna kitu kizito kama asali. Ikirudi nyuma sumaku inapoachiliwa, mna kitu kinachovutika kama mpira. Waliona yote mawili. Kumbe seli si kifuko cha maji tu.

Ripoti zilitoka mwaka 1950. Ile ya hesabu Crick aliiandika peke yake. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia maabara ya Cavendish. Yaliyofuata yanajulikana: DNA mwaka 1953 pamoja na James Watson, wakitumia pia vipimo vya Rosalind Franklin bila yeye kujua, kisha tuzo ya Nobel mwaka 1962. Udaktari wenyewe aliupata mwaka 1954 tu.

Mbinu ya sumaku haikufa. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walibandika punje juu ya seli, wakazizungusha, wakaona kwamba seli inavyozidi kuvutwa ndivyo inavyozidi kukaza.