Sokoine: Mfugaji aliyesomea kazi aliyokwenda kuifanya

JINA la hayati Edward Moringe Sokoine limo kwenye barabara kubwa inayopita katikati ya jiji la Arusha, na pia kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kilichopo Morogoro. Watu wengi wanamkumbuka kama waziri mkuu aliyewasaka wahujumu uchumi. Njia aliyopita kutoka darasani hadi kazini haizungumzwi sana, ingawa ina mafunzo kwa wahitimu wa leo na kwa vyuo vinavyowafundisha.

Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938 Monduli, magharibi mwa Mlima Meru, katika familia ya wafugaji wa Kimasai. Mwaka 1948 alianza shule ya msingi hapo Monduli, kisha akaenda Sekondari ya Umbwe mkoani Kilimanjaro, ambako alimaliza 1958.

Mwaka 1961, mwaka wa uhuru, alijiunga na TANU na kwenda Mzumbe, Morogoro kusomea uongozi na utawala. Chuo hicho kilianzishwa 1953 kwa shabaha moja: kuwaandaa machifu, madiwani na makarani kufanya kazi za serikali za mitaa. Mwajiri alijulikana kabla mwanafunzi hajaingia darasani, na mwalimu alijua mwanafunzi wake angekutana na nini ofisini.

Baada ya Mzumbe, Sokoine alikwenda Ujerumani kati ya 1962 na 1963 kusomea utawala wa fedha. Aliporudi alikuwa afisa mtendaji wa Wilaya ya Masai. Alichosomea ndicho alichokwenda kukifanya, tena kwa watu aliowajua kwa lugha na kwa mifugo yao. Baadaye wananchi hao walimchagua kuwa mbunge wao. Alipanda kuwa naibu waziri 1967, Waziri wa Ulinzi 1972 na Waziri Mkuu Februari 1977.

Hata hivyo, ni vizuri kukumbuka hali ya soko la ajira la wakati ule. Wasomi Watanganyika walikuwa wachache na maofisa wa kikoloni walikuwa wakiondoka, hivyo kijana mwenye cheti alisubiriwa na kiti. Mhitimu wa leo anasubiriwa na foleni. Kwa sababu hiyo ubora wa mafunzo una uzito zaidi sasa kuliko enzi za Sokoine, kwa kuwa cheti peke yake hakimtofautishi mtu na wenzake.

Sokoine aliacha uwaziri mkuu 1980 akarejea Februari 1983, uchumi ukiwa taabani na bidhaa zikiwa adimu. Mwaka huo ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo afanye kazi. Watu wasio na kazi inayotambulika walikamatwa mijini na kupelekwa mashambani. Wengi wao walirudi mjini. Amri iliweza kumfikisha mtu shambani, lakini haikumpa ujuzi, mtaji wala soko la mazao, na bila hivyo kilimo hakikuwa ajira ya kumtuliza.

Aprili 12, 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, Sokoine alifariki katika ajali ya gari eneo la Dakawa, Morogoro. Alizikwa Monduli Juu. Haikupita hata miezi mitatu, Julai 1, 1984, kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa Morogoro kikawa chuo kikuu kamili na kupewa jina lake.

Chuo hicho kina sehemu yake Arusha pia. Huko Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, SUA ina msitu wa mafunzo ambako wanafunzi wa misitu hujifunza kwa vitendo kupanda, kupogoa, kupima na kuvuna miti. Mwanafunzi aliyekadiria ujazo wa mti kwa mikono yake ana cha kumwonyesha mwenye kiwanda cha mbao. Aliyekariri kanuni kwa ajili ya mtihani ana alama tu.

Tatizo ni kwamba mafunzo ya aina hiyo yana gharama, na darasa linapojaa huwa ya kwanza kupunguzwa. Mwaka 2014 iliripotiwa kuwa utafiti wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki ulibaini asilimia 61 ya wahitimu wa Tanzania hawakuandaliwa vya kutosha kwa soko la ajira.

Juhudi za kurekebisha zipo. Mwaka 2011 wahitimu wa SUA walianzisha ushirika wa wajasiriamali, SUGECO, unaowafundisha vijana kilimo biashara. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 425 kwa mradi wa elimu ya juu nchini, ambao pamoja na majengo unadai mitaala ipitiwe upya na waajiri washirikishwe.

Majengo yataonekana mapema. Lakini kipimo kinachostahili jina la Sokoine ni kile cha Mzumbe ya 1961: je, anayefundisha anaijua kazi inayomngoja mwanafunzi wake, na mwanafunzi ameigusa kazi hiyo kabla ya kuvaa joho? Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa ada ana haki ya kuuliza hayo kabla ya kuuza wa pili.