Al-Khuwarizmi: Mwanachuoni Aliyefichika Ndani ya Neno

Watu wa hisabu na wa kompyuta wanalo neno ambalo wengi wetu hulisikia tusijue litokako: algoritimu. Maana yake ni mpango wa hatua zilizowekwa kwa taratibu, ambazo mtu akizifuata moja baada ya moja hulifikia jibu bila ya kubahatisha. Na asili ya neno hilo ni jina la mtu, naye ni Muhammad bin Musa Al-Khuwarizmi.

Alizaliwa yapata mwaka 780, na nisba yake yaelekeza Khuwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral. Alifanya kazi Baghdad, katika Baitul-Hikma, zama za Khalifa Al-Maamun aliyetawala toka 813 hata 833. Huko wanavyuoni walizikusanya elimu za Wayunani na Wahindi, wakazifasiri kwa Kiarabu, wakazipima na kuzizidisha. Yeye akatunga majedwali ya nyota, na kitabu cha sura ya ardhi.

Kilichomtukuza zaidi ni kitabu chake cha al-jabr wal-muqabala. Jabr ni kukiunga kilichovunjika, kama mganga aungavyo mfupa. Katika hisabu ni kukirejesha kilichopunguzwa upande mmoja kwa kukiongeza pande zote mbili. Muqabala ni kuzikabilisha pande hizo na kuondoa vinavyolingana. Aliwatungia watu wenye haja ya kugawanya mirathi, kufanya biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji; na sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya wasia na mirathi. Kwani fungu la yatima likikosewa ni dhulma, ijapokuwa mgawaji hakukusudia.

Tazama, ewe msomaji, suala lake moja mashuhuri. Idadi ukiizidisha kwa nafsi yake, kisha ukaongeza mara kumi yake, jumla ikawa 39. Ni idadi gani? Njia yake ni hii: shika nusu ya kumi, yaani 5, izidishe kwa nafsi yake, ni 25, ongeza 39, ni 64, mzizi wake ni 8, toa ile 5, yabaki 3. Hakuridhika na jibu. Aliweka njia, kisha akaithibitisha kwa umbo la mraba.

Kitabu chake kingine kilieleza hisabu kwa tarakimu za Kihindi, pamoja na sifuri. Asili yake ya Kiarabu imepotea. Zimebaki tafsiri za Kilatini, ambamo jina lake liligeuka kuwa Algoritmi. Na kile cha jabr kilifasiriwa na Robert wa Chester mwaka 1145, likatoka neno aljebra. Miaka ikapita, mwenye jina akasahauliwa: wengine wakadhani neno ni la Kiyunani, wengine wakazua kuwa ni jina la mfalme. Hata karne ya 19 ndipo wataalamu walipoubaini ukweli.

Alifariki yapata mwaka 850. Leo kila kompyuta hutenda kazi kwa algoritimu, lakini kujifakhirisha kwa jina lake hakututoshi. Yeye aliichukua elimu kwa Mhindi na kwa Myunani bila ya kuona haya, akaitia katika haja za watu, na akawaachia wa baada yake njia iliyo wazi. Anayetaka kumheshimu na afanye hivyo.