Mbegha: Kigego Aliyekuja Kutawala Usambara

Mbegha alizaliwa Ungulu, na inakadiriwa aliishi karne ya 18. Kwa mapokeo aliyoyaandika Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, aliota meno ya juu kwanza. Mtoto wa namna hiyo, kigego, alihesabiwa nuksi na huuawa. Wazazi wake walikataa, wakamlea kwa mapenzi. Walipofariki, jamaa walimtwisha misiba ya ukoo, wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake, akiwinda nguruwe waharibifu wa mashamba, mpaka Usambara. Huko alijulikana kwa ukarimu na uamuzi mzuri, akatawazwa Vugha. Nasaba ya Wakilindi ikaanzia kwake.

Ndugu wazazi, Mtume (s.a.w.) amekataza kuamini mikosi, na kila mtoto huzaliwa katika fitra. Wala kigego si katika vizuizi vya mirathi. Hata hivyo tungali tunasikia majumbani mtoto akiitwa kisirani kwa sababu mamake alifariki akimzaa. Anayeambiwa hivyo tangu mdogo huishia kuyaamini, akakua na hofu na huzuni. Mbegha alikataliwa na ukoo, lakini alikwishapendwa kwanza nyumbani. Tusiwanyime wanetu akiba hiyo.

Wallaahu a'lam.