Ernst May: Mkimbizi aliyechora mitaa ya Kampala

Mfanyabiashara anayevuka Ziwa Mweru kutoka Kilwa hadi Kashikishi anajua kwamba soko likiwa mbali na gati, faida huishia kwa mbeba mizigo. Kupanga mitaa ni hilo hilo: nani akae wapi, na soko, shule na maji viwe umbali gani na mlango wake. Ernst May aliifanya kazi hiyo maisha yake yote.

Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1886. Ujanani alifanya kazi Uingereza chini ya Raymond Unwin, bingwa wa miji yenye bustani. Mwaka 1925 alikabidhiwa ujenzi wa mji wake wa kuzaliwa. Katika miaka mitano zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000, katika mitaa yenye bustani na nafasi za wazi.

Mwaka 1930 alikwenda Umoja wa Kisovieti kupanga miji ya viwanda. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, May, mwenye asili ya Kiyahudi, hakuwa na pa kurudi. Mwaka 1934 alifika Tanganyika, akawa mkulima karibu na Arusha. Baadaye alifungua ofisi Nairobi. Vita vilipozuka Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani.

Mwaka 1945 alianza kupanga upanuzi wa Kampala, upande wa Kololo na Naguru. Alitaka nyumba zijengwe vilimani, mabonde yabaki wazi, na kila kitongoji kiwe na shule na maduka yake. Lakini aliwatenga wakazi kwa rangi: Wazungu, Waasia na Waafrika, kila kundi na upande wake. Mengo, mji wa Kabaka, ulibaki nje ya mchoro. Aliyekosa kwao kwa sababu ya asili yake aliwagawa wengine kwa asili yao.

Mwaka 1954 alikuwa amesharejea Ujerumani, akapanga mitaa mipya hadi alipofariki Hamburg mwaka 1970.

Sisi tuliosomea kambini tunaufahamu mtaa uliochorwa na mtu asiyelala humo: namba za nyumba zimenyooka, lakini kisima kiko mbali. Tunaporudi Pweto kujenga upya, tusingoje mchoro uletwe umekamilika. Tumshike mpimaji mkono, tumwonyeshe maji ya ziwa yanapofika masika, na mahali akina mama wanapouzia samaki.